Paka Aliyefunikwa Hajatoka

Wa kwanza kuniambia kwamba paka ni paka tu alikuwa mume wangu. Aliniambia kwa simu, akiwa amekaa kwenye nchi ambayo paka ana daktari wake, ana kadi yake na ana sheria yake, na hiyo sheria ndiyo iliyokuwa inanikosesha usingizi. Nilimkatia simu. Wa pili alikuwa shemeji yangu, wa tatu karani wa ofisi moja ya mifugo, na baada ya hao sikuhesabu tena, maana ningejikuta nimeutaja mkoa mzima.

Nina hasira mpaka leo. Naandika nikiwa nayo kwa sababu nimeshajaribu kusubiri ipoe na haipoi.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi nilikuwa na mashine mbili kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, Geita, upande ule wa mji ambako makarasha yanasaga mawe ya dhahabu kutwa nzima na vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Nilishona sare za shule na kutia viraka ovaroli za wachimbaji. Mume wangu aliendesha mitambo mikubwa mgodini. Akiingia kambini anakaa wiki kadhaa, anatoka amechoka, analala, anarudi. Hatukujaliwa mtoto. Nalisema mara moja ili msomaji asipoteze muda kulitafuta, na asije akadhani paka wangu walikuwa badala ya watoto. Walikuwa paka, na tofauti naijua.

Mama yao alikunywa maji ya dimbwi la kuoshea mchanga wa dhahabu, yale yenye zebaki, akafia nyuma ya karasha. Mchimbaji mmoja akawakuta watoto wake wawili ndani ya kiroba kitupu, akaniletea wakiwa wamezungushiwa ovaroli iliyochanika. "Mama, viraka viwili," akasema, "na hawa ni mafundi wa panya, nimekupa bure." Mmoja mweusi, dume, mwindaji tangu macho hayajafunguka vizuri. Mwingine jike la madoa, mwoga, ambaye alilala juu ya pedali ya cherehani hata nikawa siwezi kuanza kazi bila kumwomba ruhusa. Usiku ambao mume wangu yuko kambini na mimi naumwa malaria, ni hao waliokuwa wamenilalia ubavuni. Siyo shemeji.

Kisha mume wangu akapata kazi kwenye mgodi wa ng'ambo, akatangulia, na mimi nikatakiwa kumfuata. Nchi yenyewe sitaitaja, yenyewe inajijua. Nikamwambia nitakuja na paka. Akacheka kwanza, halafu alipoona sicheki akasema basi nifuatilie mwenyewe.

Nikafuatilia. Wanataka chipu, kidude kidogo kama punje ya mchele, kiingizwe chini ya ngozi ya shingo. Wanataka chanjo ya kichaa cha mbwa. Wanataka damu ipimwe kuthibitisha kwamba chanjo imeshika. Wanataka tundu la kusafiria lenye vipimo vyao. Kisha, kabla ya safari, paka wakae kwenye chumba kimoja kilichosajiliwa, wasitoke, wasikutane na mnyama mwingine yeyote, na afisa aje kuwaona na kuandika kwamba ni kweli. Baada ya hayo yote, wakifika huko, wanafungiwa tena kwenye kituo cha serikali, na mwenyewe huruhusiwi kuwashika. Yote hayo nilikubali. Nilisema kama sheria ni hiyo nitaifuata mpaka mwisho, wasije wakapata pa kunishikia.

Ofisini walinicheka. Mwaka mmoja kabla, mzungu mmoja wa mgodini aliondoka na mbwa wake wawili, na mume wangu mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanaume waliobeba matundu kuyapakia kwenye gari. Hakuna aliyecheka siku ile. Walibeba kwa adabu kama wamebeba mgonjwa. Lakini mimi nilipoingia na kikapu na kusema nataka chanjo ya paka wanaosafiri, karani aliita wenzake waje waone.

"Dada, paka anasafiri?"

"Anasafiri."

"Kwa ndege?"

"Ulitaka apande punda?"

Kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja wa Ushetu aliyefuata dawa ya ng'ombe. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia vizuri, halafu akauliza kama huyo paka anatoa maziwa. Nikasema hatoi. Analima? Halimi. "Sasa anapelekwa huko kufanya nini?" Benchi zima likaangua kicheko. Nikamwambia, baba, mimi na wewe wote ni wafugaji, tofauti yetu ni kwamba wewe mifugo yako unaisindikiza mnadani ikachinjwe na mimi yangu naisindikiza uwanja wa ndege. Kicheko kikaisha. Najua nilimkosea heshima mzee wa watu, na nilikaa pale nimevimba hadi zamu yangu ilipofika.

Chipu ziliagizwa, zikachelewa, zikaja. Damu ilitolewa, ikafungwa kwenye barafu na kusafirishwa hadi maabara ya nje. Damu ya paka wa Geita ilipanda ndege kabla yangu mimi, ambaye hadi umri ule nilikuwa naitazama ndege kwa chini. Majibu yaliporudi mazuri nililia barabarani, na sioni aibu kusema hivyo.

Kikabaki kile kifungo cha kabla ya safari. Pale nilipopanga isingewezekana: uani tulikuwa wapangaji wengi, mbwa wa mwenye nyumba anaingia jikoni anavyotaka, na mlango wangu ulikuwa haufungi sawasawa. Nikawapeleka paka Ushirombo kwa mama yangu. Mama anaishi peke yake kwenye nyumba ile ile aliyoijenga na marehemu baba, karibu na misheni, ana shamba la mahindi na la mpunga, na ana chumba cha pembeni chenye sakafu ya saruji. Nilikipiga dawa, nikaweka wavu dirishani, nikaweka kitasa kipya. Afisa wa wilaya, kijana mwenye pikipiki ambaye kila mtu anamwita bwana mifugo, akaja akakisajili. Huyo hakucheka. Nilimpenda kwa hilo.

Hapo chumbani ndipo nilipowapima kwa ajili ya matundu. Wenye ndege walitaka urefu kutoka puani hadi shina la mkia, na kimo kutoka sakafuni hadi ncha ya sikio, paka akiwa amesimama. Kwa hilo sikuhitaji msaada wa mtu. Nilitoa futi yangu shingoni, nikapiga magoti, nikawapima kama ninavyompima bibi harusi, na nikawaongezea nafasi ya kugeuka. Mama alikuwa amekaa kizingitini na ungo wa maharage, anachambua, ananitazama. Nilipomaliza niliviringisha futi, nikampelekea seremala vipimo.

Mama nilimweleza sheria zote. Neno karantini alilijua kutoka redioni. "Kumbe na paka wana korona?" Nikasema hapana, ni ugonjwa mwingine, na hawana, ila watu wa kule wanataka kuhakikisha. Wasitoke. Mlango ufungwe. Wapewe chakula humo humo. Alirudia yote, moja baada ya jingine, bila kukosea. Kisha akauliza, "Ni kama mzazi aliyetoka kujifungua, basi?"

"Ndiyo, mayu. Kama mzazi."

Nilikuwa na haraka. Ilibidi nirudi Geita kukabidhi nyumba na kuuza mashine zangu.

Lazima nieleze jambo la pale kwetu, vinginevyo msomaji atadhani mama yangu ni mjinga, na mama yangu si mjinga. Pale kwetu paka haombwi, anaazimwa. Jirani akizidiwa na panya anakuja na chumvi kidogo kwenye karatasi, anasema amefuata kibarua. Mwenye paka anapokea chumvi, anatoa paka. Chumvi ile si malipo, ni ya kumfanya paka asiwe mvivu kwenye nyumba ngeni. Akimaliza kazi anarudishwa, na mwenye nyumba akiwa mstaarabu anarudishwa na kipande cha samaki. Kumnyima mtu paka wakati wa mavuno ni kama kumnyima moto. Hatasema kitu, ila siku utakapofiwa atakuja msibani amechelewa.

Na ulikuwa wakati wa mavuno. Hilo nililijua. Nililiona kwenye kila uwanja niliopita, mpunga umeanikwa, watoto wanafukuza kuku. Sikuliwazia kabisa.

Geita nilikaa siku chache. Mashine ya kwanza niliuza kwa jirani, ya pili kwa mtu aliyeitazama kama anatazama chuma chakavu, na nilimchukia mpaka alipoipakia. Siku ya ukaguzi nilishukia ofisini kwa bwana mifugo, akanibeba kwenye pikipiki yake hadi nyumbani. Njia nzima nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimebeba karatasi zote, imebaki sahihi yake na mhuri, na wiki ile ile natakiwa kuwa uwanja wa ndege, kwa sababu viza yangu nayo ilikuwa na mwisho wake. Matundu mawili yalikuwa yamekwisha kutengenezwa, yako barazani, yameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani kuna wanyama hai.

"Shikamoo mama," bwana mifugo alimwamkia mama.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mwangaluka."

"Mwangaluka, mama."

Nilifungua kitasa changu kipya kwa ufunguo aliokuwa nao mama, nikasukuma mlango kwa madaha. Jike la madoa alikuwa amejikunja juu ya gunia. Nikaita. Nikaangalia nyuma ya mlango. Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kitanda, nikavuta boksi la nguo, nikalirudisha, nikalivuta tena. Wavu wa dirisha ulikuwa mzima. Bwana mifugo alisimama na kalamu yake.

"Unamtafuta nani?" mama akauliza kutoka uani.

"Mweusi! Mweusi yuko wapi?"

"Huyo yuko kwa jirani. Ana kazi."

Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, huku anageuza mpunga kwa mguu. Nilitoka nje. Nakumbuka nilimuuliza kwa sauti ndogo sana, kwa sababu nilijua nikipandisha haitashuka. Nilimuuliza kama hakuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba paka hawatoki.

"Hakutoka," mama akasema.

"Yuko kwa jirani na hakutoka?"

"Nilimfunika." Akanionyesha khanga yake mabegani. "Si ulisema ni kama mzazi? Mzazi akibanwa na haja nyuma ya nyumba si anafunikwa kichwa mpaka miguu, anakwenda, anarudi? Umesikia wapi mtu akasema mzazi katoka? Nilimfunika vizuri, jua halikumpiga, mbwa hakumwona, mtu hakumwona. Kule kwa jirani nimewaambia wamfungie ghalani. Kuna tofauti gani? Ndani na ndani."

Ndivyo tunavyofanya, ndivyo alivyomfanyia dada yangu alipojifungua, na mimi ndiye niliyesema ndiyo, kama mzazi. Nilitaka kuvunja kitu. Nilitazama matundu barazani, nikayaacha, kwa sababu seremala alikuwa ameyapiga randa vizuri.

Bwana mifugo alikuwa kijana mwenye moyo. Nilimwona anatafuta njia. Akachuchumaa karibu na mama, akamuuliza taratibu, "Lakini mama, huyu wa madoa hajakutana na mwenzake tangu atoke, siyo? Yeye amekaa humu peke yake?"

Alikuwa anampa jibu mdomoni. Alichotakiwa kusema ni ndiyo, neno moja tu, na paka wangu mmoja angepata sahihi.

"Hawa?" mama akacheka. "Wamekutana. Jana nilimrudisha mweusi aje ale dagaa, akamsalimia mwenzake, wakalambana mpaka masikio. Nikamfunika tena nikampeleka. Wanapendana sana hawa."

Mama yangu anasali jumuiya, hajawahi kumdanganya mtu wa serikali, na hakuona sababu ya kuanza siku ile. Bwana mifugo alinitazama, akafunga kalamu. Akasema inabidi kuanza upya, wote wawili, na kwamba angeandika vinginevyo kama asingesikia, ila ameshasikia. Kuanza upya kungepita mwisho wa viza yangu. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, pole dada. Halafu mama akasema mgeni haondoki na njaa, akamchinjia kuku, na mimi, mimi mwenyewe, nikashika jagi la maji nikamnawisha mikono mtu aliyenikatalia. Alikula vizuri. Alishukuru.

Nilikwenda kwa jirani kumchukua mweusi, na njiani nilikuwa nimeshaandaa matusi. Jirani yule ni mjane mdogo kwa umri kuliko mimi, ana watoto wanaomfuata kila mahali, na mpunga ule ndio mwaka wake mzima. Alinipokea kwa magoti. Akanifungulia ghala. Mweusi alikuwa amelala juu ya magunia, tumbo limejaa, ana shingo nene kuliko nilivyomwacha. Alifumbua jicho moja, akaniona, akalifumba. Damu yake imepanda ndege, amewekwa chipu, amewekewa nafasi kwenye kituo cha serikali ya watu, na anafumba jicho.

"Wabeja, dada, wabeja sana," yule mjane akasema. "Tangu aje tunalala. Magunia mawili yalishatobolewa. Mungu awabariki na safari yenu."

Matusi yote nikayameza. Nikasema asante. Nikamwacha paka pale pale, maana kumchukua hakukuwa na faida tena kwa mtu yeyote isipokuwa panya.

Hasira yote nikairudisha nyumbani kwa mama. Nilimwambia ameniharibia. Nilimwambia nimezunguka ofisi ngapi, nimechekwa na watu wangapi, na yeye kwa chumvi ya kujaza kiganja amebomoa kila kitu. Nilisema maneno mengine ambayo sitayaandika. Mama alikuwa amekaa juu ya kigoda, amenyoosha miguu, anaisugua kwa mafuta.

"Nimeharibu nini? Paka wapo. Wazima."

"Hawaendi tena!"

"Ulitaka nimwambie nini mama wa watoto? Kwamba panya wale mpunga wako, paka wangu anasubiri ndege?"

"Ndiyo! Ndivyo ulivyotakiwa kumwambia!"

Akaacha kusugua miguu. "Wewe," akasema, "ulipiga magoti kwenye ile sakafu ukawapima hawa viumbe. Mgongo, kimo, mpaka sikio. Mimi nimekaa pale mlangoni nakuangalia. Nikasema moyoni, akimaliza hao atanigeukia na mimi, anipime hata gauni la kubaki nalo. Ukaviringisha futi yako ukaenda kwa seremala."

"Mashine nimeuza, mayu. Gauni ningelishonea wapi?"

"Sikuomba gauni. Nasema hukunipima."

Nilimjibu kwamba anabadilisha mada. Na kweli alikuwa anaibadilisha, na nilikasirika zaidi kwa sababu aliibadilisha vizuri. Tulikula chakula cha jioni, na jike la madoa, ambaye sasa mlango wake ulikuwa wazi, hakutoka. Alikaa kizingitini anaogopa uwanja.

Mume wangu alipopigiwa akasema, basi, Mungu amepanga. Nikamwambia Mungu asimsingizie.

Asubuhi ya kuondoka nilitoa futi. Nilimwambia mama asimame. Nilimpima kwa hasira, namgeuza kwa bega, nanyoosha mikono yake kama ya mteja aliyechelewa kulipa. "Taratibu," akasema, "mimi si gunia." Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa bega mpaka kifundo. Sikuandika popote. Vipimo vya wateja naandika, vya mama yangu vilikaa kichwani. Mweusi hakuwepo kuniaga. Alikuwa ameshaazimwa na mtu mwingine, nyumba ya tatu. Matundu yalibaki barazani, na nilipogeuka kwenye kona nikaona kuku ameshaingia kwenye moja, ametulia, anataka kutaga.

Huku nilikofika walikuwa wameniandikia barua kuhusu zile nafasi mbili za kituoni zilizobaki wazi. Walinipa pole kwa lugha nzuri sana. Mume wangu alitaka tuende mahali wanapotunza paka wasio na wenyewe nikachague mwingine, akasema wapo wengi, wazuri, wameshachanjwa. Nilimuuliza kama na mke angechagua hivyo. Hatukwenda.

Nilipata cherehani iliyotumika, nikaifungua yote, nikaisafisha, nikaifunga. Kazi ya kwanza ilikuwa gauni la mama. Kitenge nilikuwa nimekuja nacho. Nilikata kwa vipimo vile vya kichwani, nikaweka mfuko wa rozari upande wa kulia kama anavyopenda, nikalituma kwa mtu aliyekuwa anakwenda likizo. Lilifika mavuno ya mwaka uliofuata yakiwa yameanza. Mama akapiga simu ya video kwa msaada wa mtoto wa jirani, lakini walielekeza kamera kwenye bati muda wote.

"Zuri," akasema. "Zuri sana. Limenipwaya kidogo tu."

"Limepwaya wapi?"

"Pote kidogo. Nimefunga mkanda."

Nilimwambia amelivaa vibaya. Nilimwambia labda kitambaa kimelegea kwa kukunjwa safarini. Nilimwambia aache kunitafutia makosa, sikosei vipimo mimi, nimeshona zaidi ya nusu ya umri wangu na hakuna mtu aliyewahi kunirudishia nguo imepwaya. Mama akasema sawa, hujakosea, akauliza hali ya mume wangu. Nilipokata simu nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Sikosei vipimo. Kile kifua nilichokishika asubuhi ile ndicho nilichokikata.

Mama yangu hasemi akiumwa. Nilimpigia yule mjane. Tulisalimiana kirefu, maana kwetu huwezi kuruka salamu hata nyumba ikiungua, na kwa kuwa sikujua nianzie wapi, nikamuuliza habari za panya.

"Wamerudi, dada. Mwaka huu ni balaa. Magunia yanatobolewa kila siku."

"Na mweusi?"

"Tulikwenda na chumvi. Mama hakutupa."

"Hakuwepo?"

"Alikuwepo, na paka walikuwepo wote wawili. Mama alikataa. Alisema wanamlalia miguuni, wakitoka anasikia baridi."

Nikamuuliza baridi hiyo anaisikia wakati gani, usiku au alfajiri.

"Mchana, dada," akasema. "Jua likiwa hapa utosini."

Mama yangu amemnyima mtu paka, wakati wa mavuno. Nilimshukuru yule mjane, nikamwambia asimwambie mama kwamba nimepiga. Kisha nikapanda kwenye stuli nikashusha begi juu ya kabati. Mume wangu aliingia akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia ninakwenda kumpima mama yangu. Akaanza habari za likizo yake, na mkataba, na kwamba kwanza tungepiga simu tujue ni nini, na mimi nikamwambia anipishe mlangoni. Kwa safari ya kurudi hakuna ofisi iliyotaka damu yangu. Nilikuwa naweza kwenda siku yoyote.